Gari Letu Lina Kasoro ya Mfuko wa Hewa: Je, Nimuuzie Shemeji Bila Kumwambia?

Assalaam aleikum, ndugu mshauri.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nami naishi Kisauni pamoja na mume wangu, watoto wetu na mama mkwe wangu. Jambo linaloninyima usingizi ni gari letu, tulilolinunua mwaka 2021 kwa mfanyabiashara mmoja wa magari hapa Mombasa. Ni gari dogo la Kijapani lililotengenezwa mwaka 2009 na kuingia nchini mwaka 2016. Halijawahi kutuangusha. Asubuhi hunivusha daraja la Nyali kwenda kazini, jioni hunirudisha, na siku za kliniki humpeleka mama mkwe hospitali.

Likizo iliyopita alikuja mpwa wangu anayesomea ufundi wa magari. Alifungua boneti, akapangusa vumbi kwenye kile kibati kilichopigiliwa nyuma ya injini, akanakili nambari ya chesisi na kuiingiza katika tovuti ya mtengenezaji iliyoko Japani. Jibu lilikuja kwa Kijapani, naye akalitafsiri kwa simu yake. Lilisema kwamba gari hili ni miongoni mwa yale yaliyoitwa na mtengenezaji yarudi karakana ili yabadilishwe kifaa kinachojaza mfuko wa hewa wa abiria wa mbele, na kwamba kazi hiyo haijafanywa mpaka leo. Kasoro yenyewe ilielezwa waziwazi: wakati wa ajali kifaa hicho kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma.

Mama mkwe wangu ana maradhi ya nyonga na hawezi kujikunja kuingia kiti cha nyuma, kwa hiyo hukaa mbele siku zote. Tukifika kwenye matuta huegemeza viganja vyake vyote viwili juu ya dashibodi ili asitikisike, na sasa nimeona kwamba mahali anapoviweka ndipo penye ule mstari mwembamba ambapo mfuko unatarajiwa kupasulia utoke. Tangu siku ile siwezi kumtazama akifanya hivyo.

Nilikwenda kwa wakala wa kampuni hiyo, nikaambiwa kuwa gari halikupitia mikononi mwao na hivyo haliwahusu, ila wanaweza kuniagizia kifaa kipya kwa bei inayozidi mshahara wangu wa miezi kadhaa. Aliyetuuzia alinijibu kwamba tuliliona, tukaliendesha na tukaridhika. Fundi wetu aliunganisha mashine yake na kompyuta ya gari, akasema hakuna hitilafu yoyote, na kwamba hata taa ya mfuko wa hewa haiwaki. Akaongeza kwamba nikiwa bado nina hofu, atakata waya na kufunga kitu kidogo cha kuidanganya kompyuta ili taa ibaki imezimika.

Sasa mdogo wa mume wangu, anayeishi Malindi, anataka kulinunua gari hili na ametaja bei nzuri. Ana mke na mtoto anayenyonya, na nijuavyo, mke wake hukaa mbele na mtoto mapajani. Mume wangu anasema nisimtie mtu wasiwasi kwa jambo ambalo halijatokea, kwa kuwa magari ya namna hii yamejaa mjini na hajasikia hata moja lililomdhuru mtu. Sipendi kumvunjia heshima mume wangu mbele ya ndugu yake, wala sitaki kubeba jambo ambalo sitaweza kulijibu mbele ya Mwenyezi Mungu. Nifanye nini?

Mwalimu, Kisauni.

*

Wa aleikum salaam, Mwalimu.

Nitaanza na majibu mawili yasiyoweza kungoja. Kuanzia leo mama mkwe wako asikae tena kiti cha mbele cha gari hilo, hata kwa safari ya kwenda dukani. Na gari lisiuzwe kwa shemeji yako, wala kwa mtu mwingine yeyote, kabla ya mnunuzi kujua yote unayoyajua wewe. Mengine yote yana nafasi ya kufikiriwa na kushauriana, lakini haya mawili hayana.

Ili uweze kuyaeleza nyumbani kwa utulivu, ni vyema ujue kinachotendeka ndani ya dashibodi. Mfuko wa hewa haujazwi kwa pampu, bali kwa kopo la chuma lenye kemikali iliyogandamizwa kuwa vidonge, na kopo hilo nitaliita kijazio. Gari linapogonga kwa nguvu, umeme huiwasha kemikali hiyo, nayo hutoa gesi inayoujaza mfuko kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kila kitu kinategemea vidonge hivyo kuungua kwa kasi iliyopimwa. Vikiwa vimeharibika na kuungua upesi kupita kiasi, shinikizo hulishinda kopo, kopo likapasuka, na chuma chake hupenya kitambaa cha mfuko na kumfikia mtu ambaye mfuko huo uliwekwa umlinde.

Kisa kinachojulikana zaidi duniani cha kasoro ya aina hii ni cha kampuni ya Takata ya Japani, iliyowauzia vijazio karibu watengenezaji wote wakubwa wa magari. Barua yako haisemi kijazio cha gari lako kilitengenezwa na nani, nami sitakisia, lakini historia ya Takata itakusaidia kupima uzito wa jambo lenyewe. Kampuni hiyo ilitumia amonia naitreti, kemikali inayodhoofika kadiri inavyopata unyevu na kadiri joto linavyopanda mchana na kushuka usiku, mwaka baada ya mwaka. Marekani peke yake ilibidi vijazio vipatavyo milioni 67 viitwe kubadilishwa, na zaidi ya watu 20 walikufa huko, baadhi yao katika ajali ndogo ambazo wangetoka ndani ya gari wakitembea. Mwezi Januari 2017 Takata ilikubali kukiri kosa la udanganyifu na kulipa dola bilioni 1, na kufikia Juni mwaka huohuo ilikuwa imefilisika.

Ninataka mume wako aisome sehemu inayofuata yeye mwenyewe. Wakaguzi wa Marekani walipopanga ni magari yapi yashughulikiwe kwanza, hawakutazama umri wa gari peke yake, bali waliyatanguliza yale ya maeneo ya joto na unyevu kama Florida, Hawaii na Puerto Rico. Malaysia, ambayo hali yake ya hewa haiko mbali na ya kwetu, nayo imezika madereva waliouawa na vijazio hivyo. Sisi tunaishi kisiwani na kandokando yake, mahali ambapo chumvi hula mabati na shati huloa kabla ya saa nne asubuhi. Gari linaloegeshwa juani kutwa nzima katika ua wa shule, madirisha yakiwa yamefungwa, hupata ndani yake joto linalozidi sana la nje. Ikiwa kasoro ya gari lako ni ya aina hii ya kemikali, basi miaka lililokaa Mombasa si ushahidi kwamba ni salama. Kila mwaka unaopita unaongeza hatari.

Hoja ya kwamba halijatokea jambo lolote ningeikubali kama ingehusu breki, maana breki hutumika kila siku na dereva huzisikia zinapoanza kuchoka. Mfuko wa hewa hauna siku ya majaribio. Hukaa kimya mpaka siku ya ajali, na ni siku hiyo tu unapojulikana kama ulikuwa mzima au la.

Kuhusu kipimo cha fundi, sidhani kwamba alikudanganya, ila mashine yake haiwezi kuona kile unachokiogopa. Kompyuta ya gari hukagua nyaya, viungio na vitambuzi, yaani kama umeme unaweza kufika kwenye kijazio. Haina njia ya kupima kama vidonge vilivyomo ndani ya kopo vimeoza. Kijazio kilichoharibika kabisa kinaweza kuonekana kizima kwenye mashine, na taa ikabaki imezimika. Hata hiyo taa nakuomba uiangalie vizuri kesho asubuhi. Ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa ya mfuko wa hewa inapaswa kuwaka kwa sekunde chache kisha kuzimika. Ikiwa haiwaki kabisa, au inawaka na kuzimika sambamba na taa nyingine kana kwamba zimefungwa pamoja, basi huenda kuna mtu aliyekwisha kuichezea kabla gari halijafika kwenu, na hilo ni jambo jingine la kumuuliza aliyewauzia.

Ama kukata waya na kuidanganya kompyuta, nakataa, ingawa nitakuwa mkweli kwako: kuuzima mfuko wa abiria si jambo ambalo halijawahi kufanywa na watu wanaojua kazi yao. Mwaka 2014, vijazio vipya vilipokuwa haba nchini Marekani, Toyota iliwaagiza mafundi wake wazime mifuko ya abiria katika baadhi ya magari na kubandika onyo kwamba mtu asikae kiti hicho. Lakini tazama tofauti. Pale kazi ilifanywa na fundi wa kampuni, ikaandikwa, kiti kikawekewa onyo, na mwenye gari akajua kwamba ni hatua ya muda tu. Anachokupendekezea fundi wako ni kuizima taa ili pasiwe na atakayejua. Atakayelinunua gari hilo baadaye atakaa mahali pasipo kinga akiamini kwamba anayo. Isitoshe, mfumo huu hubaki na umeme kwa dakika kadhaa hata baada ya betri kufunguliwa, na mtu anayekata nyaya zake bila kufuata maagizo ya mtengenezaji anaweza kuufyatua ukiwa mbele ya uso wake.

Ushauri wangu ulio bora ni gari lipumzike mpaka lirekebishwe. Najua hilo ni rahisi kwangu kulisema kuliko kwako kulitenda, kwa kuwa matatu ya asubuhi ni fedha na msongamano wa daraja la Nyali unaujua kuliko mimi. Ukilazimika kuliendesha, kiti cha kushoto mbele kibaki kitupu kabisa, bila mtoto, bila mwalimu mwenzako unayempa lifti. Wewe mwenyewe ukae umbali wa sentimita 25 au zaidi kutoka kwenye usukani hadi kifuani, ukiwa umefunga mkanda. Hata hivyo usijidhanie kuwa umeepukana na hatari, kwa sababu katika magari mengi ya umri huo mfuko wa abiria hufyatuka hata kiti kikiwa kitupu, na chuma kinachoruka hakichagui upande. Mama mkwe wako, siku za kliniki, atafutiwe gari jingine lenye mlango mpana au teksi iliyo juu kidogo, ambamo ataweza kuketi kwanza kisha akageuzwa miguu. Mtoto wa kunyonya, katika gari lolote lile, mahali pake si mapajani mwa mtu aliye kiti cha mbele, na hilo shemeji yako aambiwe hata asiponunua chochote.

Sasa tuje kwenye kurekebisha. Wakala alikujibu kwa mdomo, na jibu la mdomo halimfungi mtu. Mwandikie barua au baruapepe yenye nambari ya chesisi, mwaka wa kutengenezwa, nakala ya ukurasa ule wa Kijapani na picha ya kibati, umwombe akujibu kwa maandishi kama atabadilisha kijazio chini ya mwito wa mtengenezaji au la. Barua hiyohiyo itume kwa kitengo cha wateja cha mtengenezaji kule Japani. Mwito wa namna hii huandikwa kwa nambari ya chesisi, wala haufuati jina la mtu aliyelinunua gari likiwa jipya, na kule Japani kazi yenyewe hufanywa bila malipo. Sikuahidi kwamba watakubali kukugharamia hapa. Ninachojua ni kwamba kampuni iliyoulizwa kwa maandishi juu ya nambari mahususi ya gari hujibu kwa uangalifu zaidi kuliko karani wa mapokezi, na kwamba jibu lolote utakalopata, liwe zuri au baya, litakufaa mbele ya safari.

Nakala ipeleke pia kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani na kwa Shirika la Viwango la Kenya. Magari yanayoingia kwetu hukaguliwa yalikotoka kwa kanuni ya KS 1515, ambayo ndiyo inayoweka pia kikomo cha umri wa gari cha miaka 8, lakini ukaguzi wa kutazama gari kwa nje na kupima breki na taa hauwezi kuona ndani ya kijazio. Kwa maoni yangu, nchi inayotegemea magari yaliyokwisha kutumiwa Japani ingepaswa kudai, kabla gari halijapakiwa melini, uthibitisho kwamba kila mwito uliotolewa juu ya nambari yake ya chesisi umetekelezwa. Takwa hilo halina gharama kubwa, kwa kuwa taarifa zipo wazi na mpwa wako alizipata kwa simu yake. Linaniuma, na nitaendelea kuliandika.

Ikifika hatua ya kununua kifaa kwa fedha zako, jihadhari na vijazio vya mtumba vilivyofunguliwa kutoka magari yaliyogongwa. Kinachotoka katika gari la umri uleule, lililokaa Pwani hiihii, kinaweza kuwa na kasoro ileile, na kuna vingine ambavyo ni bandia tangu mwanzo. Mwaka 2024 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ililazimika kutoa tahadhari juu ya vijazio duni vya bei nafuu vilivyowaua watu katika magari yaliyokuwa yamerekebishwa baada ya ajali. Kifaa hiki ni kipya kutoka kwa mtengenezaji, chenye risiti na nambari yake, au tuseme hakuna.

Kuhusu aliyewauzia, maneno yake kwamba mliliona na mkaridhika hayamalizi shauri. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa anazozihitaji, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa nayo humfunga zaidi muuzaji ambaye biashara yake ni ya bidhaa za aina hiyo kuliko jirani anayeuza gari lake mwenyewe. Ni kweli kwamba mnunuzi aliyekagua bidhaa huweza kukosa haki hiyo kwa kasoro ambayo angeiona kwa kukagua, lakini hii haikuwa ya kuonekana kwa macho. Madai ya mkataba yana kikomo cha miaka 6, nanyi mlinunua mwaka 2021, kwa hiyo usilikawize. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, huna haja ya kuwa na wakili, na sheria yake inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Kabla ya kufungua, mpe muuzaji barua ya madai yenye tarehe, na uwaone Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria ambalo lina ofisi hapa Mombasa, wakupitishie karatasi zako.

Nimeliacha jambo la mume wako mwishoni kwa sababu ni zito kwako, si kwa kuwa ni gumu. Humvunjii heshima kwa kukataa kumficha ndugu yake. Zungumza naye mkiwa wawili tu, mwekee ukurasa ule mbele yake, kisha mwache yeye ndiye ampigie mdogo wake simu. Habari ikitoka kinywani mwa kaka itakuwa ni nasaha ya kaka, na wewe hutaonekana kama mke aliyeharibu biashara ya ndugu wawili. Akikataa kabisa, basi itakubidi umwambie shemeji yako wewe mwenyewe, kwa adabu na bila kumlaumu mtu. Mwenye imani kama yako anajua kwamba kubainisha kasoro ya unachokiuza ni sharti la muuzaji, na kwa sheria ya nchi vilevile, anayeficha hatari anayoijua anajiweka pabaya pindi mtu akiumia. Shemeji akilitaka gari baada ya kujua, bei ishuke kwa kiasi cha gharama ya kijazio kipya, na kasoro iandikwe ndani ya mkataba pamoja na nambari ya chesisi, kila mmoja atie sahihi na abaki na nakala. Ingekuwa bora zaidi kwamba kijazio kibadilishwe kwanza, ndipo gari lihamishwe jina.

Kijazio cha zamani kitakapotolewa, usikubali kikabidhiwe wanunuzi wa vyuma chakavu wala kuachwa kwenye rafu ya gereji. Bado kina kemikali yake yote, na nyundo au moto wa mchomeleaji unatosha kukifyatua. Mwombe wakala akichukue na akuandikie kwamba amekipokea.